Gurudumu la Kushoto

Lori lile waliliita Kobe. Si kwa ajili ya mwendo wake tu, bali hata sura yake ilikuwa ya mtu aliyebeba nyumba mgongoni na hana haraka ya kuitua. Lilizaliwa jeshini, likastaafu bila kiinua mgongo, likaishia machimboni kubeba mawe kutoka shimoni hadi juu kwenye mashine ya kusagia kokoto. Aliyeliendesha alikuwa mwanamke, jambo ambalo watu wa machimbo walilizoea kwa mdomo kabla ya kulizoea kwa moyo. Wakampa jina la Taratibu, maana alipanda ule mwinuko wa mawe kama mtu aliyepakia mayai.

Sasa tazama mambo. Huyo mpakia mayai ndiye aliyekuwa akivunja vyuma.

Ndani ya wiki tano Kobe alikatika mara tatu, na mara zote upande wa mbele. Kwanza ilikuwa shafti ya pembeni, kile chuma kinachotoka katikati ya ekseli kwenda kuzungusha gurudumu. Kilikatika tap! kama muwa. Kikawekwa kingine cha aina ile ile. Siku ya tisa kikakatika cha upande wa pili. Hapo fundi akapandisha mori, akaenda kwenye makaburi ya magari, akarudi na shafti mbili nene, za gari kubwa kuliko Kobe, akazichonga mpaka zikaingia, akapangusa mikono. "Haya," akasema, "na hizi zikatike tuone."

Hazikukatika. Ilikatika propela, ile fimbo ndefu inayopeleka nguvu kutoka katikati ya gari hadi kwenye ekseli. Ilikatikia kwenye kiungo chake. Kiungo nacho kikabadilishwa, kikawekwa cha gari kubwa zaidi.

"Gunia bovu hilo," alisema mama mkwe wa Taratibu. "Ukitia kiraka hapa linapasuka pale. Ninyi mnashona tu, hamjaniambia ndani mmepakia nini."

Hakuna aliyemjibu. Mama huyo kazi yake pale gereji ilikuwa kuuza chai na kukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, na binadamu hawana mazoea ya kuokota akili kwenye ndoo.

Aliyebaki kuchanganyikiwa ni Taratibu mwenyewe. Alikuwa akijikagua kama mtu aliyepoteza ufunguo: mguu wa klachi haukuwa mzito, gia aliingiza ile nzito kabisa tangu chini, mafuta alikanyaga kwa kidole gumba. Halafu kulikuwa na lile lililomvuruga kuliko yote. Ilinyesha wiki nzima, mwinuko ukawa uji, magari mengine yakakwama hadi tumbo, Kobe akapanda na kushuka wala asikohoe. Jua lilipotoka, mwamba ukakauka ukawa mgumu kama sakafu ya benki, ndipo Kobe akakatika.

"Gari gani hili," alimwambia mumewe, "linaloumwa kwenye uzima na kupona kwenye ugonjwa?"

Mumewe alikuwa fundi cherehani. Alizaliwa na fundi magari, akakua kwenye oili, na alipopata akili akakimbilia kwenye vitambaa. Akamjibu huku ana pini mdomoni, "Mwambie baba."

Hapo ndipo penye kisa. Fundi wa Kobe alikuwa baba mkwe wake Taratibu. Machimboni walimwita Fundi Meno, kwa sababu hapakuwa na jino la gia asilolijua tabia, na kwa sababu kinywani mwake mwenyewe yalibaki manne, yasiyotazamana. Mzee mpole, msafi wa kazi, lakini akishasema "nimehesabu" basi imehesabiwa. Na mkaza mwana gani atasimama mbele ya baba mkwe, amkazie macho, amwambie, "Baba, chuma chako kina kasoro"? Taratibu hata kupita mbele ya mzee alipita kwa kuinama kidogo, na kofia yake ya dereva akaivua.

Kwa hiyo maneno yalipitia kwa mume, na ya kupitia kwa mtu hayafiki yalivyotumwa. Taratibu alisema: nikishafika juu kwenye mwamba, kile kijiti chekundu hakitaki kurudi. Kijiti hicho ndicho unachovuta ukitaka magurudumu ya mbele yasaidie ya nyuma kusukuma. Akisharudi tambarare na kutaka kukiachia, kinang'ang'ania, kama mtu anayekushika mkono baada ya salamu kwisha. Mpaka arudishe gari nyuma hatua mbili, ndipo kinachomoka kwa kishindo. Na matairi ya mbele yanalia kwenye mwamba, nyii, nyii.

Mume akaenda, akarudi.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia kijiti kinakusumbua."

"Akasemaje?"

"Anasema usikivute kama unang'oa jino."

"Na matairi?"

"Ah! Matairi nimesahau."

Siku ya Jumatano Msimamizi wa machimbo akaja gereji mwenyewe. Alikuwa mtu mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. Alisimama mbele ya Kobe, akamtazama kama daktari anayetazama maiti, akasema:

"Bado transfa. Eti, Fundi? Shafti mmetia za chuma kizito, kiungo mmetia cha chuma kizito. Kitakachofuata kukatika ni transfa."

"Haitakatika," alisema Fundi Meno.

"Ikikatika?"

Mzee akapangusa spana iliyokuwa safi. Transfa ndilo boksi linalogawa nguvu, nyingine mbele, nyingine nyuma. Likifa hilo, Kobe hana nyumba wala shamba, na la kubadilisha halikuwapo popote.

"Basi nisikilizeni. Jumamosi mchana lori lijazwe mawe, nami nikae pembeni ya dereva niuone mguu wake. Kikisikika kitu kimesema tap, au hata kikinong'ona tap, kiti cha Kobe atakalia mwingine. Dada yetu nitampeleka getini, ashushe kamba na kupandisha kamba. Kamba haina shafti."

Taratibu akaupapasa mlango wa Kobe. Alikuwa amefika kwenye kile kiti kwa miaka sita: kwanza kuosha matairi, halafu kujaza maji, halafu kurudisha magari nyuma jioni wakati wanaume wamechoka, mpaka siku moja wakampa funguo kwa sababu hakukuwa na mwingine. Akitoka hapo aende getini, hatarudi tena. Hilo alilijua kama anavyolijua jina lake.

Na gari lina kosa, au yeye ana kosa? Hapo hakujua hata kidogo.

Alikaa na swali hilo Alhamisi nzima. Alikumbuka kwamba kabla ya wiki hizo tano Kobe hakuwa hivi. Kitu pekee kilichobadilika ni difu ya mbele, lile dude la mviringo katikati ya ekseli, ambamo gia ndogo inazungusha gia kubwa. Ya zamani ilisagika meno, Fundi Meno akaitoa, akaweka nyingine aliyoichagua kwenye makaburi ya magari, inayofanana na ile kama pacha. Naye hakuiweka kwa macho tu. Alihesabu. Kila mtu alijua kwamba alihesabu: sita na nusu mbele, sita na nusu nyuma.

Taratibu akaamka Ijumaa na werevu. Mtu mzima humwambii amekosea, unamwomba akufundishe. Akaenda gereji, akavua kofia, akainama, akasema huku akitazama spana badala ya mzee:

"Baba, kabla sijakwenda getini, naomba nijue kuhesabu difu. Nisije nikafa bila kujua."

Fundi Meno alifurahi mpaka yale manne yakaonekana yote.

"Watu hawaulizi siku hizi," akasema. "Njoo, mwanangu. Mtaka cha mvunguni ainame, na hiki kiko mvunguni hasa."

Kobe akapandishwa jeki, mbele yote, akawekewa magogo chini ya ekseli, magurudumu yote mawili ya mbele yakaning'inia hewani. Mzee akachukua chaki. Akapiga alama kwenye gurudumu la kulia, akapiga alama kwenye propela chini.

"Gurudumu nitalizungusha mimi, mara mbili kamili. Wewe lala chini uhesabu hii fimbo imezunguka mara ngapi. Idadi hiyo ndiyo uwiano wa difu. Lazima ya mbele na ya nyuma zilingane, maana zinavutwa na boksi moja. Mama!"

"Abee," aliitika mama mkwe.

"Gurudumu."

Mama mkwe akajikokota na ndoo yake hadi upande wa kushoto, akakaa, akaegemeza mgongo wake kwenye tairi. Hiyo ilikuwa kazi yake tangu ujana wa ndoa. Mzee akihesabu difu upande mmoja, mkewe huegemea gurudumu la upande wa pili. Kwa nini, hakuwahi kuuliza. Wengine walidhani ni mapenzi.

Taratibu akalala juu ya gunia, uso juu, mchanga ukimwingia masikioni. Gurudumu likazunguka, fimbo ikazunguka.

"Haya?"

"Saba, baba. Saba na kidogo."

"Hapana. Sita na nusu. Umehesabu mwanzo kama wa kwanza. Tena."

Mzee akazungusha. Katikati ya zoezi, mteja akaita chai, mama mkwe akasimama kutazama ni nani, akakaa tena.

"Sita na robo tatu, baba."

"Mwanangu, difu si bei ya nyanya, haipandi na kushuka. Toka huko."

Wakabadilishana. Mzee akajilaza chini kwa kuguna viungo, Taratibu akashika gurudumu. Mama mkwe naye, alipoona zamu imebadilika, akaona na yeye zamu yake imekwisha, akaenda kumimina chai. Taratibu akazungusha mara mbili, polepole, alama ya chaki kwenye alama ya chaki.

"Sita na nusu!" ilitoka sauti chini ya lori. "Umeona? Sita na nusu barabara!"

Taratibu alisimama akiwa na mkono kwenye tairi, na kichwani kama mtu aliyezungushwa yeye. Saba na kidogo. Sita na robo tatu. Sita na nusu. Chuma kilekile, chaki ileile, jua lilelile. Kama difu yenyewe haijui ni ngapi, yeye atajuaje? Akaanza kuamini kwamba kweli getini ndiko kwenye saizi yake; kamba ama iko juu ama iko chini.

"Kunywa chai, mwanangu," mama mkwe akamwambia. "Hesabu huingia na sukari."

Taratibu akapokea kikombe, akazunguka kwenda upande wa kushoto, penye kivuli, akakaa kwenye ile ndoo. Mahali pa kuweka kikombe hapakuwapo, akakitua juu ya tairi, lililokuwa pana kama meza. Akainama kufunga kamba za viatu.

"Nakuonyesha mara ya mwisho!" alisema Fundi Meno upande wa pili, ametoka chini ya lori na ushindi umempanda kichwani. Akazungusha gurudumu la kulia, peke yake, kwa raha zake.

Kikombe kikamwagika mgongoni kwa Taratibu.

"Yalaa!"

"Nini?"

"Chai, baba! Si kitu, imepoa."

Haikuwa imepoa. Lakini alichokiona kilimpooza. Tairi lililokuwa limetulia kama meza lilikuwa limesogea. Lilisogea kinyume, kurudi nyuma, kidogo tu, kama mtu anayejiondoa ugomvini bila kuaga. Akaokota kikombe kikiwa kitupu, akakiweka tena juu ya tairi.

"Baba, samahani. Nionyeshe tena."

Mzee akazungusha kulia. Kikombe kushoto kikateleza polepole, kikaanguka mchangani.

Akakirudisha, na safari hii akaegemeza mgongo kwenye tairi kama alivyomwona mama mkwe akifanya. Mzee akazungusha. Kikombe hakikutikisika.

"Mama," alinong'ona, "chungulia ile fimbo utuhesabie."

Mama mkwe, aliyeishia darasa la nne na hakuiacha huko hata hesabu moja, akapiga magoti akachungulia. "Lizungushe tena, mzee." Akahesabu kwa vidole. "Saba na kidogo."

Sasa Taratibu alikuwa na ukweli mkononi na hakujua aushike upande gani. Aliuona wazi: gurudumu la kushoto likitulia, mzunguko wote wa la kulia unafika kwenye fimbo; likirudi nyuma kwa siri, linauiba kidogo, na hesabu inapungua. Lakini kumwambia mzee? Alitafuta maneno yenye adabu, akayapata ya kijinga.

"Baba," alisema, "gurudumu la huku lina kiu. Linakunywa chai yangu."

Halafu zikasikika ndala za mzee zikizunguka mbele ya lori. Akafika. Akaangalia kikombe mchangani, akaangalia tairi, akalisukuma kwa kidole. Likazunguka bila ubishi. Aliziacha nyusi zake zipande, zikakaa huko juu muda mrefu.

"Siku ile," alisema hatimaye, "nilipoiweka hii difu. Nilihesabu hivi hivi, magurudumu yote mawili yakiwa juu. Nani alishika la kushoto?"

"Mimi," alisema mama mkwe. "Siku zote si mimi?"

"Ulishika mpaka mwisho?"

Mama mkwe akapata kitu cha kutazama angani.

"Nilishika. Kisha nikashikwa."

"Na nini?"

"Na shughuli ya wanawake."

Mzee hakuuliza zaidi, kwa sababu mwanamume mwenye heshima akiambiwa maneno hayo huwa na haraka ya kuwa mahali pengine. Lakini Taratibu uso wake uliwaka moto. Alikumbuka. Siku ile ile, wakati huo huo, alikuwa stoo akivaa ovaroli, na zipu ikakwama katikati ya tumbo, imeuma fulana, haiendi juu wala chini. Alivuta, akapumua ndani, akaomba dua. Baba mkwe yuko nje, mlango hauna komeo, na yeye yuko nusu ndani ya nguo nusu nje. Akagonga bati la ukuta mara tatu, akaita kwa sauti ya panya, "Mama! Mama, njoo!" Mama akaja mbio, wakahangaika na zipu mpaka ikafunguka, wakacheka wakiziba midomo. Gurudumu la kushoto lilikuwa huko nje peke yake, linarudi nyuma.

Mama mkwe hakumwambia mumewe. Utamwambiaje mzee habari za zipu ya mkaza mwana wake?

Fundi Meno akamwaga oili ya difu kwenye karai, akafungua mfuniko, akaingiza tochi. Kuhesabu jino moja moja kwake huwa ni matusi, kama kumpekua mgeni mfukoni, lakini alihesabu. Meno thelathini na sita kwenye gia kubwa. Matano kwenye ndogo. Ya nyuma aliijua kwa moyo, aliijenga mwenyewe: thelathini na tisa kwa sita.

Akaandika kwa chaki kwenye boneti ya Kobe, akagawanya, akafuta kwa kiwiko, akagawanya tena.

"Hatua tisa kwa kumi," alisema polepole. "Magurudumu ya nyuma yakitaka kwenda hatua kumi, ya mbele yanataka tisa. Kwenye tope yanateleza, kila moja linakwenda zake, amani. Kwenye mwamba hakuna wa kuteleza. Nyuma inasukuma, mbele inazuia, na kilichoko katikati kinasokotwa mpaka kinakatika." Akaitupa chaki. "Nami nikawa natia chuma kizito. Naimarisha ugomvi."

"Si nilisema gunia," alisema mama mkwe.

"Ulisema, mke wangu. Leo usiseme tena."

Jumamosi Msimamizi alifika akiwa na glavu mpya zimetokeza mfukoni, za dereva mpya, ili mtu azione. Mawe yalikuwa yameshapakiwa. Lakini mawe yalikuwa nusu, na chini ya Kobe propela ya mbele haikuwapo, imelala ukutani kama mkongojo.

"Hii nini?"

Fundi Meno akasimama wima. Taratibu hakuwahi kumwona akisimama wima; kumbe alikuwa mrefu.

"Mguu wa dereva hauna kosa," alisema, na watu wa machimbo wakaacha sururu wakasikiliza. "Kosa ni langu. Nilihesabu vibaya, nikaweka difu isiyolingana na ya nyuma. Kila alichovunja, nimevunja mimi. Ukitafuta mtu wa getini, nitakwenda mimi."

Msimamizi akafungua mdomo.

"Hapana," alisema mama mkwe kutoka kwenye ndoo. "Yeye alihesabu vizuri. Mimi niliachia gurudumu. Getini niende mimi, na chai nitauzia huko huko."

"Gurudumu gani tena, mama?"

"La kushoto."

Taratibu angeweza kunyamaza. Kiti kilikuwa kinarudi chenyewe, hakuna aliyemtaja. Lakini alimwona mzee, meno yake manne yamefungwa kwa nguvu, amesimama mbele ya watu wote akilipokea lisilo lake peke yake. Akavua kofia.

"Na mimi pia," alisema. "Mama aliachia gurudumu kwa sababu nilimwita mimi."

"Ulimwitia nini?"

Alimtazama Msimamizi, akatazama mchanga, hakutazama kabisa upande aliosimama baba mkwe.

"Siwezi kusema."

"Huwezi kusema?"

"Hawezi," alisema mama mkwe. "Na wewe ni mtoto wa watu, usiulize."

Msimamizi akageuka kwa mmoja, akageuka kwa mwingine, glavu zikamdondoka.

"Nimekuja kutafuta mkosaji mmoja, mmenipa watatu! Geti lenyewe ni moja!" Akajishika kiuno. "Mimi sielewi kitu. Sielewi difu, sielewi gurudumu, na hii siri yenu ndiyo sielewi kabisa. Lori linapanda au halipandi?"

"Kwa magurudumu ya nyuma tu, na nusu ya mzigo, linapanda," alisema Fundi Meno. "Mpaka nipate difu ya thelathini na tisa kwa sita. Na nikiipata, shafti za mbele narudisha zile nyembamba. Chuma kikitaka kukatika, heri kikatike mahali ninapopafikia kwa mkono, si kwenye transfa."

"Nionyesheni."

Taratibu akapanda, Msimamizi akapanda pembeni yake, macho kwenye mguu wake. Gia nzito. Kidole gumba. Kobe akaondoka chini kama mtu anayeinuka kwenye msiba. Katikati ya mwinuko, pale mwamba unapong'aa, magurudumu ya nyuma yakakwaruza, kokoto zikaruka, lori likasita, likayumba. Mbele hakukuwa na msaada. Taratibu hakuongeza mafuta. Aliacha lirudi nusu hatua, akalisogeza kushoto penye mwamba usio na kokoto, akaliuliza tena kwa upole. Likashika. Likapanda. Alisikiliza kwa masikio, kwa meno, kwa mfupa wa kiuno: hakuna nyii, hakuna tap. Kijiti chekundu kilikaa mahali pake bila kumshika mtu mkono.

Juu kabisa Msimamizi akashuka, akaangalia matairi, akakuna kichwa.

"Nusu mzigo ni safari mbili," alisema.

"Nitakwenda mbili," alisema Taratibu.

Msimamizi akaondoka kwa miguu. Glavu alizisahau gereji, mama mkwe akazitumia kushikia birika.

Jumatatu asubuhi Taratibu akafungua mlango wa Kobe, akakuta kwenye kiti cha dereva kitu kimefungwa kwa karatasi ya gazeti. Akakifungua. Kipande cha mshumaa, cha urefu wa kidole, kimeshatumika.

Mshumaa? Mchana kweupe? Akautazama kila upande. Akamwendea mama mkwe.

"Mama, umesema kitu?"

"Mimi? Nife."

Akamwuliza mumewe, ambaye kwa mwezi mzima alikuwa akisema zipu hiyo ataibadilisha kesho, huku anawashonea watu wa mji mzima. Naye alisema hajui mshumaa, wala habari ya zipu hajamtajia mtu. Akamwangalia baba mkwe. Miguu yake ilikuwa imetokeza chini ya ekseli ya mbele, ndala zimetazama mbingu.

"Meno ya aina yoyote, mwanangu," ilisema sauti huko chini, bila kutoka, "yakikataa kushikana usiyalazimishe. Unayapaka kitu kwanza. Chuma kizito, grisi. Chuma chepesi, nta."

Kisha ikakohoa, na nyundo ikagonga kwa nguvu sana kitu kisichohitaji nyundo.

Taratibu alibaki amesimama na mshumaa mkononi. Mzee alikuwa anazungumza habari ya difu? Alijua tangu lini? Siku ile alisikia bati likigongwa, au alihesabu tu, kama anavyohesabu kila kitu, na safari hii akapata jibu sahihi? Hakuna mtu wa kumwuliza, na swali lenyewe halina mdomo wa kulitamka.

Akaingia stoo, akarudishia mlango, akausugua mshumaa kwenye meno ya zipu, juu hadi chini. Akavuta.

Ikapanda bila sauti mpaka shingoni.

"Imekwama?" aliuliza mama mkwe kwa nje.

"Hapana, mama," alijibu. "Kaa na gurudumu lako."